Mkono Uliomgeuza Mama wa Udongo

Wiki iliyopita rafiki yangu wa shule ya msingi, binti wa lile duka la vitambaa pale Handeni mjini, alinitumia video kwenye simu bila neno hata moja. Nikashuku. Wewe unanijua, mimi kitu kikija bila salamu hukitazama kwanza kwa mbali. Siku hizi yeye anaishi Korogwe, ana watoto wawili, na kwa kawaida hutuma picha za watoto wake na maelezo marefu. Hii ilikuja kimya. Niliiacha mpaka nimalize kufua, kisha nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikaifungua, na akatokea mama wa udongo, mwenye nywele za katani na ndoo kichwani, hana mikono, anatembea kwa kurukaruka kwenye meza ya bibi yangu.

Tulikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa sanaa, kijana aliyekuwa mgeni pale kwetu, alitugawa katika vikundi na kutuambia kila kikundi kitengeneze filamu fupi ya katuni, na filamu ya kitakachofanya vizuri itapelekwa kuonyeshwa Korogwe pamoja na za shule nyingine. Hatukumwamini. Katuni tulijua zinatoka ng'ambo, kwenye televisheni. Lakini alitueleza kwamba ni kazi ya subira tu: unafinyanga mtu wa udongo, unampiga picha, unamsogeza kidogo, unapiga tena, na picha zikipitishwa haraka mtu anatembea. Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu. Binti wa duka alikuja na simu ya baba yake. Kijana mmoja, ambaye babu yake aliletwa Korogwe enzi za mkoloni kukata mkonge, alikuwa na vidole vinavyojua kila kitu, na ndiye aliyeleta katani ya nywele. Mimi nilikuwa na bibi, na bibi alikuwa na udongo.

Tuliishi Chanika, pale pale Handeni, mimi na yeye. Ujanani alifinyanga vyungu, na bado alijua mahali bondeni ambapo udongo haupasuki. Alitupa stoo nyuma ya jiko, chumba chenye harufu ya moshi, kunde kavu na vitunguu, akatuwekea meza karibu na dirisha. Yeye alikaa mlangoni akichambua mlenda, anatutazama. Mchana alitupa bada, ule ugali wa muhogo, na mboga, binti wa duka akala mpaka akalamba vidole, na mama yake angemwona sijui angesema nini. Kutwa nzima ilisikika sauti moja tu, ile ya simu: kacha. Tunasogeza. Kacha. Tunasogeza.

Hadithi yetu ilikuwa ya mama anayekwenda lamboni kuteka maji na kurudi na ndoo tupu. Mimi nilitaka arudi na maji. Wenzangu wakakataa, wakasema hapa Handeni penye ukame nani atakuamini. Nilishindwa kwa kura na nikanuna kidogo. Mama wetu mwanzoni alikuwa na mikono, lakini kila tukimsogeza ilidondoka, tukachoka kuibandika, tukaamua abaki hivyo hivyo. Siku ile bibi alisimama mlangoni, ungo mkononi, akamtazama yule mama asiye na mikono kwa muda mrefu.

"Huyu mmemwona wapi?" akauliza.

Tukamwambia tumemtunga tu. Akatuuliza mmoja mmoja, tena kwa sauti ya chini, na kila mmoja alipojibu bibi alimtazama usoni kama anayepima sarafu bandia. Mimi alinirudia mara ya pili jikoni. Hakuniamini, na mimi nikaanza kujiuliza kwa nini aulize.

Kesho yake tuliporudi kutoka shule tulimkuta mama wa udongo amegeuzwa, uso ukutani. Sisi tulimwacha anatazama mlango. Katika kazi ile hilo ni janga, maana usipomrudisha palepale alipokuwa, kwenye filamu ataruka kama aliyekanyaga siafu. Tukakisia tukamrudisha. Siku iliyofuata, tena ukutani. Na siku iliyofuata, tena.

Hapo ndipo urafiki ulipoanza kuingia mchanga. Mimi nilimshuku kijana wa mkonge, kwa sababu alikuwa wa mwisho kutoka. Yeye alimshuku binti wa duka, kwa kuwa simu ilikuwa ya kwao na alizoea mambo yaende atakavyo. Lakini stoo ilikuwa kwetu na ufunguo ulikuwa kwetu, basi haikuchukua muda wote wawili wakanigeukia mimi. Walikumbuka kura niliyoshindwa. Waliacha kula bada. Wakikaa walikaa upande mmoja wa meza, na nikiingia mazungumzo yalikatika. Binti wa duka alisema, bila kunitazama, kwamba baba yake ana chumba cha mzigo chenye kufuli, na kwamba itakuwa vizuri vitu vihamie huko, na pengine kazi iliyobaki wanaweza kuimaliza wawili.

Niliumia, sikufichi. Marafiki sikuwa na wengine, na Korogwe nilikuwa naifikiria kila nikilala. Nikawaambia waniache siku moja tu. Tukaificha simu ndani ya tenga la vitunguu, jicho lake likichungulia kwenye tundu, tukaiwekea ule mpango wa kupiga picha yenyewe kila baada ya muda mfupi, tukaenda shule. Darasani siku hiyo sikusikia somo lolote.

Alasiri tulizifungua picha vichwa vikigongana. Hakuna mtu, mama anatazama mlango. Hakuna mtu tena, na tena. Kisha mkono ukaingia. Mkono wa mtu mzima, umekunjamana, kidole cha shahada kimepinda kwenye kiungo cha juu. Kidole kile kilinisuka nywele tangu nilipoota nywele. Wenzangu hawakuwa na haja ya kuniuliza, walinitazama tu nilivyokaa chini.

Nilimpelekea bibi simu jikoni. Alifuta mikono kwenye khanga, akatazama picha zote.

"Uso wangu umo?"

"Haumo, bibi."

"Basi mkono uacheni."

Kisha akasema kile alichoona anaweza kukisema. Kwamba alipokuwa na nguvu alikuwa kungwi, na kwamba mwali alipowekwa ndani alifundishwa kwa vinyago vya udongo, kila kimoja na wimbo wake. Kulikuwa na kimoja cha mama mwenye mzigo kichwani na asiye na mikono. Sisi tulimfikia kwa uvivu wa kubandika mikono, na yeye akadhani kuna mtu ametoa siri ya ndani. Kinyago cha namna ile, somo likiisha, hakiachwi kikitazama mlango, na kazi yake yote ikiisha hurudishwa majini. Nikamuuliza wimbo wake unasemaje. Akasema nitapewa siku yangu ya kuwekwa ndani ikifika.

Wenzangu walirudi kula bada. Hakuna aliyeomba radhi, ila binti wa duka aliniletea kipande cha kitambaa chekundu cha kumvisha mama wetu, na mambo ya chumba cha mzigo hayakusikika tena. Zile picha za mkono tuliziweka mwisho wa filamu: mama anarudi na ndoo tupu, mkono mkubwa unashuka, unamgeuza taratibu, anatupa mgongo.

Filamu yetu ikachaguliwa, na kule Korogwe watoto walicheka ulipotokea mkono. Wanawake watu wazima hawakucheka. Mmoja, mama mtu mzima aliyekuja na mjukuu wake, alinifuata nje tulipokuwa tunamenya machungwa, akaniuliza nani ametuonyesha yule mama asiye na mikono. Nikamjibu hakuna. Akanishika mkono, akaugeuza, akautazama, akaniuliza mimi ni wa nyumba gani. Naye hakuniamini. Tuliporudi, mwalimu alitaka kinyago kikae kwenye kabati la shule, bibi akakataa, tukaenda na bibi lamboni, tukamtia mama wa udongo majini, tukamtazama akilainika mpaka ikabaki katani inaelea.

Siku yangu haikufika. Nilikwenda sekondari ya bweni, likizo zikawa fupi, na mama yangu, aliyekuwa anaishi Tanga, akasema mambo hayo yamepitwa. Bibi alifariki nikiwa chuoni. Stoo ilivunjwa, sasa pana fremu ya fundi simu. Nimewauliza wazee wa kule wimbo wa mama asiye na mikono, na kila mmoja ananitazama kwa jicho lile lile na kuniuliza nimemsikia wapi.

Nikiwa pale kwenye ndoo nilirudia video mara nyingi, maana ule mwisho nilikuwa nimeanza kuushuku. Mkono wa bibi una bangili ya shaba. Bangili ile ilikaa sandukuni, ilitoka siku za unyago na za harusi tu. Ngozi inang'aa, amejipaka mafuta. Na mwendo wake ni laini kuliko wetu wote. Utotoni tuliona ni bahati. Nikasimamisha picha moja moja: mkono umesogea kidogo, umetulia, umesogea kidogo, umetulia. Hapo nikakumbuka kwamba simu ile hatukuizima sauti. Bibi aliisikia ikilia ndani ya vitunguu, na akawa anaingoja.

Nina hakika alikuwa anaimba. Simu ilichukua picha tu.