Pete ya Mama Chini ya Mbao

Kaka yangu mkubwa ana duka la pembejeo Bunda, nyumba Kabasa, na maoni juu ya kila kitu. Sentensi zake huanza na neno "kitaalamu". Aliishia kidato cha pili. Simcheki kwa hilo. Wapo wengi walioishia hapo na akili zao zinawatosha. Zake hazimtoshi, na hajawahi kuona upungufu.

Mwaka jana mama yetu alitoka Butiama akaja kukaa kwangu Musoma kwa ajili ya matibabu ya macho. Nimepanga mtaa wa Iringo, katika nyumba ya zamani ambayo sakafu ya vyumba viwili ni ya mbao, imeinuliwa juu ya msingi wa mawe. Wageni wanaisifia sana kwa sababu hawaishi juu yake. Mbao zimeachana, na kila kinachoanguka kinazama: vifungo, sindano, vidonge. Nikimlalamikia mwenye nyumba ananijibu kwamba mbao zile ni za mninga mtupu, kama vile mninga ukishaitwa mninga hauna haja ya kutengenezwa.

Asubuhi moja mama alikuwa amekaa kitandani anajipaka mafuta mikononi. Alikuwa amekonda, na pete yake ya ndoa ikateleza. Nilipoitwa kutoka jikoni nilimkuta amechuchumaa, kidole amekiweka kwenye mwanya kati ya mbao mbili.

"Imeingia hapa," alisema. Hakukitoa kidole mpaka nilipoweka alama kwa chaki.

Ilikuwa pete ya dhahabu, nyembamba. Baba aliinunua walipofunga ndoa kanisani, wakiwa tayari na watoto wanne. Mimi nilikuwa wa tatu, na nakumbuka nilisimama nyuma yao nikiwa na viatu vya kuazima vilivyonibana. Baba alishafariki. Mama hakuwa ameivua pete hiyo hata siku ya mazishi, mikono yake ilipovimba.

Nilimulika kwa tochi ya simu nikaona vumbi tu. La kufanya lilikuwa wazi: kumwita fundi ang'oe ubao mmoja. Badala yake nilimpigia kaka kumjulisha, na hilo ni kosa ninalolijutia.

"Msiguse kitu," alisema. "Nakuja."

Alifika mchana, amevaa kaunda suti, mkononi ana kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika mbovu, kimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia.

"Kitaalamu," alisema, "hapa hakuna haja ya kubomoa sakafu ya watu."

"Kaka, dhahabu haivutwi na sumaku."

Nafundisha sayansi shule ya msingi. Watoto wangu wa darasa la tano wanalijua hilo.

"Hayo ni ya kwenye vitabu," alisema. "Dhahabu ya kweli inavutwa."

Akapiga magoti, akatandaza leso chini ya goti ili suruali isichafuke, akateremsha sumaku kwenye mwanya, akaanza kuvua kama anavua samaki. Kwa karibu saa mbili alipandisha misumari, kibanio cha nywele, na kizibo cha soda. Kila sumaku iliponasa kitu alipiga kelele, "Hii hapa!" na mama akanyoosha mkono na kuuliza, "Ndiyo yenyewe?" Mara tano au sita aliunyoosha mkono ule na kuurudisha mtupu. Nilimtazama kaka kisogoni, nyama zake zimejikunja juu ya kola, nikashangaa kwamba tulinyonya titi moja.

Hatimaye alisimama akajipangusa. "Haipo. Ingekuwepo ingenasa. Pete imeibwa."

"Nimeisikia ikianguka," mama alisema.

"Mama, wewe macho hayaoni vizuri."

"Nimesema nimesikia. Sijasema nimeona."

Kaka alikuwa ameshamwona, kupitia dirisha, mwanamke aliyekuwa akianika nguo uani. Alikuwa mjane anayeishi Buhare, nje kidogo ya mji, aliyekuwa akija kunifulia mara mbili kwa wiki, kwa muda wa miaka mitatu. Siku hiyo hakuwa ameingia chumbani kwa mama hata mara moja. Kaka alimwita sebuleni, akamwamuru amwage mkoba wake mezani. Zikatoka kanga, kipande cha sabuni, karanga zilizofungwa kwenye karatasi, na kitambulisho. Kaka akazifungua hata karanga.

"Vua viatu."

Akavua. Kaka, mzee wa kanisa, aliyatikisa makandambili. Sijui alidhani pete inajificha wapi ndani ya kandambili.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikusema kitu. Yule mjane alinitazama kwa muda mrefu, kisha akakusanya vitu vyake akaondoka, nusu ya nguo zikiwa bado kwenye beseni. Kaka alikula ugali na kichwa kizima cha sangara, akanishauri niwe makini na watu ninaowaingiza ndani, akarudi Bunda akiwa ameridhika.

Kesho yake asubuhi, kabla sijampata fundi, mlango uligongwa. Alikuwa yeye, mjane wa Buhare, amebeba mtaimbo begani.

"Mwalimu, naomba unipishe."

"Mama, ngoja, namwita fundi..."

"Fundi hajaitwa mwizi."

Mama alimwonyesha penye chaki. Misumari ililia, ubao ukainuka. Alilala kifudifudi, akazamisha mkono mpaka begani, akawa anapapasa taratibu, uso ameugeuzia ukutani. Halafu akatulia. Alipoutoa mkono ulikuwa mweusi kwa vumbi, na pete ilikuwa kwenye ncha ya kidole chake kidogo.

"Mama, ni hii?"

Mama aliipapasa, akaanza kulia, akateremka kitandani kutaka kupiga magoti. Yule mwanamke alimshika mabega. "Usipige magoti, mama. Wewe huna kosa."

Mimi hakuniangalia. Aliurudisha ubao, akaupigilia kwa kitako cha mtaimbo, akakataa chai, akaondoka.

Nilimpigia kaka nikamwambia pete imepatikana palepale mama aliposema.

"Si unaona?" alisema. "Sumaku ndiyo iliisogeza karibu."

"Inabidi uende Buhare ukamwombe radhi yule mama."

"Mimi? Kwani nilimpiga?"

Nikakata simu.

Miezi michache baadaye tulikutana nyumbani Butiama kwa ibada ya kumkumbuka baba. Baada ya chakula kaka aliwasimulia wageni jinsi "tulivyoiokoa" pete, na jinsi wengine tulivyokuwa tumechanganyikiwa mpaka alipofika yeye. Mama alimwacha afike mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aliipata yule mwanamke uliyemvua viatu."

Wageni wakainamia sahani zao. Kaka akacheka, akaomba aongezewe mchuzi. Haoni aibu; nadhani alizaliwa bila kiungo cha aibu.

Wiki iliyofuata nilipanda bodaboda kwenda Buhare. Nilimkuta nje ya nyumba yake anafua shuka za watu wengine. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya kaka yangu.

Aliendelea kufua. "Kaka yako simuwazi," alisema. "Watu kama wale wapo wengi, nimewazoea. Wewe ndiye nilikuwaga nakuona mtu."

Nilikuwa nimesafiri na dharau yangu yote imemwelekea kaka, nikiwa nimeipanga vizuri kama somo la siku. Pale mbele ya beseni niliona kwamba sehemu ya dharau hiyo ilinistahili mimi, niliyesimama tu mlangoni, na radhi ya hilo sikuwa nimeibeba.

Alikamua shuka, akaiweka kwenye ndoo. Niliishika ncha moja, yeye akashika nyingine, tukaianika, kisha ya pili. Hakunizuia na hakunishukuru. Zilipokwisha aliingia ndani, nami nikarudi Iringo kufua nguo zangu mwenyewe.