Mirija Juu ya Moshi

Bhoke Nyamhanga wa Morotonga hajawahi kuitwa mtunza kumbukumbu, na ukimwita hivyo atakuuliza umekunywa nini. Lakini ndivyo alivyo. Kikundi chetu cha watu walioacha pombe kina desturi moja: anayejiunga hukabidhi mrija wake, ule mrefu ambao wanaume huku huutumbukiza kwenye chungu kimoja na wenzao. Majina hatuandiki. Mirija ndiyo historia yetu, na Bhoke alipewa kuitunza kwa sababu alikuwa mpika pombe hodari, na mnywaji pia, akaacha vyote viwili. Tena hakuna anayejua kufunga mdomo kama yeye.

Mwaka jana wadudu waliingia kwenye sanduku alimoihifadhi. Ukigonga mrija, unga mweupe unamwagika. Mwingine angenunua dawa. Bhoke alifanya kile ambacho mama zetu hufanya kwa mahindi ya mbegu: akaifunga mafungu mafungu, akaining'iniza jikoni juu ya moto ipate moshi.

Wazo zuri, ila lilikuwa na kasoro. Huku kwetu ukiona mirija mingi kwa mwanamke mmoja, huulizi; unatafuta kigoda. Jioni ile ile wateja wake wa zamani walianza kuingia, mmoja amebeba na kigoda chake kabisa. Akawafukuza kwa mwiko. Kulipokucha mtaa mzima una habari: Bhoke amerudi kwenye chungu.

Habari ikafika Issenye kwa mwanawe, Heche. Huyu utotoni alilala njaa mara nyingi, mama amelewa na wateja. Ilichukua miaka amwamini tena, hata akamletea binti yake, Sarah, aishi naye na kusoma hapo. Sasa alikuja na pikipiki, akasimama mlangoni pa jiko bila kuvua helmeti.

"Mama, hii mirija ni ya nani?"

"Ni ya watu."

"Watu gani?"

"Watu, mura, mwanangu. Siwezi kukutajia."

"Hata nikiwa mdogo ulikuwa unanijibu hivyo hivyo." Akamgeukia mtoto. "Sarah, leta begi lako."

Mimi nilikuwepo, nimeleta kuni. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Jina moja tu lingemwokoa, naye alikuwa nayo yote kinywani. Lakini Bhoke, machozi yakimtiririka, alianza kukunja sare za mjukuu wake na kuzipanga kwenye begi. Anampoteza mtoto kwa ajili ya siri za watu, na wengine kati yao hata salamu hawampi barabarani!

Kumbe mzee Nyangwine naye alikuwa amesikia. Huyu ndiye anayekaa benchi la mbele kanisani na kusahihisha hata wahubiri. Aliingia akihema, fimbo mkononi. Heche akavua helmeti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nishushie huo wenye waya wa shaba."

"Mzee, usiseme," Bhoke akamkatiza.

"Wewe umezoea kunyamaza, basi nyamaza tena. Siri ni yangu, na nimechoka kukubebesha wewe." Akaupokea mrija, akaupangusa masizi kwa kiganja. "Huu, kijana, nilinywea shamba la baba yangu na ng'ombe wa mahari ya binti yangu. Siku nilipoacha nilimpa mama yako. Kanisani hawajui. Sasa watajua, maana naona mtaa huu hauna mlango."

Nilimwonea huruma, halafu nikajionea aibu.

"Na huo uliopinda ni wangu," nikasema haraka, kabla ujasiri haujaniishia.

Heche alitazama juu, fungu hadi fungu, akihesabu kimya kimya watu ambao pengine huwasalimia kila siku. Kisha akalia, mwanaume mzima.

"Mama, nisamehe."

Bhoke alijifuta uso kwa kanga. "Panda kwenye kigoda umrudishie mzee mrija wake mahali pake. Na fungu la huku limelegea, likaze."

Akapanda. Moshi ukamwingia machoni, akakohoa, akakaza kamba. Aliposhuka kumtafuta mtoto, Sarah alikuwa chumbani kwa bibi yake, anazirudisha sare zake msumarini.