Kuku wa Majaribio wa Dorika

Wifi yangu Dorika hajatulia tangu nimjue. Ni mtafiti wa chuo huko Dodoma, na kwa miaka kadhaa kazi yake imekuwa moja: kutengeneza karatasi laini ya kufungia nyama. Ukiiona utadhani plastiki, kumbe imetokana na wanga wa mihogo, nta, na ile gundi nyeusi ambayo nyuki huzibia nyufa za mzinga. Gundi hiyo inaua vijidudu vinavyoozesha nyama. Na ukiitupa karatasi yenyewe shambani, inaoza kama jani.

Sasa mwulize, "Wifi, itaingia dukani lini?" Anakujibu, "Bado." Maabara imesema ni salama, wenzake wamesema ni salama, yeye bado! Juzi alikuja nyumbani hapa Kiomboi na kuku waliokatwakatwa, akajaza friji yetu. Vipande vingine kavifunga kwa plastiki ya kawaida, vingine kwa karatasi yake. Alitaka kuona vitakaaje kwenye friji ya nyumbani, maana umeme wetu mnaujua. Jumatatu alitakiwa asimame mbele ya wakubwa wake aseme jambo moja tu: karatasi hii ifungie chakula cha watu, au mradi ufe.

Basi ikawa balaa. Anafungua friji, anafunga. Anatoka uani, anarudi, anafungua tena. "We Dorika, hiyo nyama ina miguu?" nikamwambia. Hakucheka. Chakula hali, usingizi hana, mpaka na mimi nikaingiwa na wasiwasi, na wala simo.

Jumamosi mchana akapanda mlimani kutafuta mtandao. Mimi nikaenda kuchota maji. Kumbe ndipo Mjomba Emilian, kaka yake mama mkwe, akaingia kutoka Rungwa. Rungwa si hapo jirani. Mtu aliyesafiri kutoka huko humlishi mlenda, unamchinjia kuku, basi. Na kuku hatukuwa naye hata mmoja, ugonjwa wa mdondo ulikuwa umepita ukafagia mabanda yote. Mama mkwe akafungua friji.

Nilirudi na ndoo kichwani, nikakuta sufuria inatokota.

"Mama, hiyo nyama umeipata wapi?"

"Si ya Dorika? Ile ya kwenye plastiki inanuka, nimeitupa. Hii ya kwenye karatasi nzuri kabisa."

Jamani! Nimwambie nini, mimi mke wa mwanawe, mgeni akiwa ameketi sebuleni anasikia? Nikasonga ugali nikiomba Dorika awahi, na papo hapo nikiomba asiwahi.

Dorika akaingia wakati mjomba ananawa. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Macho yake yakaenda kwenye bakuli, yakaja kwangu. Nikainamisha uso. Akaelewa, na mjomba ameshapeleka mkono kwenye bakuli.

"Mjomba, usile!"

Kwetu, kumzuia mgeni ambaye mkono wake umeshafika kwenye bakuli ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mama mkwe akasimama. "Dorika! Una wazimu?"

"Mama, hiyo nyama ni ya majaribio!"

"Imeoza?"

"Haijaoza."

"Ina sumu?"

"Haina. Nimepima mwenyewe."

"Sasa?"

Dorika akaanza kulia kama mtoto. "Sasa naogopa, mama. Mtu akiumwa kwa sababu yangu, je? Naogopa!"

Nilimhurumia jamani. Siku zote hizo nilidhani ana kiburi cha wasomi, kumbe mwenzangu ana hofu.

Juu ya bakuli mama mkwe alikuwa ameweka firigisi. Firigisi kwetu ni ya mgeni mwanaume au ya baba mwenye nyumba. Mimi nimepika nisizoweza kuzihesabu, sijaonja hata moja. Mjomba akaitoa, akaiweka kwenye sahani tupu, akaisukuma mbele ya Dorika.

"Kama ni takataka, katupe mwenyewe," akasema. "Kama ni chakula, anza."

"Kaka!" mama mkwe akaguna. "Mwanamke?"

"Ni kazi ya mikono yake. Mwache."

Dorika akaitazama ile firigisi, nikadhani ataichukua akaitupe uani. Akanawa. Akaitia mdomoni, akatafuna polepole, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, na sisi watatu tumemkodolea macho. Akameza. Akajifuta uso kwa kanga, akachota mapaja mawili yaliyonona, akayaweka kwenye sahani ya mjomba kwa mkono wake mwenyewe.

"Karibu chakula, mjomba," akasema.