Jina la Mgonjwa wa Machela

Mjukuu wangu aliponiambia anataka kulifuta jina letu nilikuwa nakaanga maandazi, nikayasahau motoni mpaka yakawa makaa. Aliniambia kwa Kiingereza, kama anavyosema mambo yake yote mazito. Kiswahili anakielewa vizuri, hata ukimsengenya atajua, ila kujibu anajibu kwa lugha ya hapa. Alisema anakaribia kumaliza masomo yake ya jioni, cheti kitachapishwa, na hataki kitoke na jina la Mjerumani.

Jina lenyewe sitaliandika. Ni gumu, linaanzia kooni na kuishia kwenye meno. Hapa London, nijuavyo mimi, tunalo watatu: mimi, mwanangu wa kiume, na huyu binti yake. Mwanangu nilimzaa sina mume. Aliyenipa mimba alihama mji kabla tumbo halijaonekana, basi nikamwandikisha mtoto kwa jina la babu yangu mzaa baba. Sikuwa na kingine cha kumpa. Sasa mtoto wa huyo mtoto anakuja jikoni kwangu kuniambia halitaki.

Nikamuuliza kumetokea nini. Mchana anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno karibu na Edgware Road. Alikuja pale mama mmoja wa Kijerumani, mtu mzima, kung'olewa jino. Kutaja jina lake, ni hilohilo letu. Yule mama akasoma kibandiko kifuani kwa mjukuu wangu, akashangaa, akamuuliza kwa upole amelipata wapi. Waliokuwa wanangoja zamu wakainua macho.  Jioni mjukuu wangu akalitafuta kwenye simu, na sasa alinionyesha alichokipata, ramani za mahali walipo wenye jina hilo. Ramani ya Ujerumani ilikuwa tupu, vidoa vichache tu upande mmoja. Halafu ramani ya Tanzania, na doa zito limekaa juu ya milima yetu ya Usambara.

"Unaona, Bibi?" alisema. "Kwao wanakwisha, kwetu tumejaa. Walitumiliki hao."

Nilimwambia aache ujinga. Akasema haya, nieleze wewe. Nikafungua mdomo, simu yake ikalia, akaondoka.

Siku zile sikukaa kitako. Fleti yetu ya Thamesmead ni ndogo, lakini niliizunguka kama ina vyumba kumi. Nilitoa vyombo kabatini nikavirudisha palepale. Nilishuka mpaka kwenye ziwa la pale mtaani, nikapanda tena, ukiniuliza niliona nini huko sijui. Nilimpigia mwanangu, anayeendesha basi upande wa Tottenham. Akaniambia, "Mama, mwache. Ni jina tu." Nikamkatia simu. Jina tu, yeye aliyekuwa akirudi na shati limechanika kwa kupigana na watoto waliolichezea jina hilo.

Nikamwambia mjukuu wangu nataka kumwona huyo mama. Alikataa, akasema kazini hawaruhusiwi kuwasumbua wagonjwa. Nikamwambia mgonjwa ameng'olewa jino, hajapasuliwa moyo. Bahati yangu, yule mama aliporudi kuangaliwa kidonda aliuliza tena mwenyewe, na mjukuu wangu akamwambia, kwa kununa najua, kwamba bibi yake anayo habari yote.

Tulikutana kwenye mkahawa wa Waarabu, hatua chache kutoka kliniki. Nilivaa kitenge changu cha kuendea harusi na kilemba kirefu, ili akiniona ajue amekuja kuonana na mtu. Naye alikuwa mwembamba, shavu moja bado limevimba, anakunywa supu ya dengu kwa upande mmoja wa mdomo. Mjukuu wangu alikaa katikati yetu kututafsiria, uso umekunjwa.

Alianza yeye. Alisema zamani za zamani kwao kulikuwa na watu waliokaa kando ya bwawa la kinu cha kusagia nafaka, kazi yao kufungua na kufunga maji. Wakaitwa kwa kazi hiyo, na jina likabaki hata kinu kilipobomoka. Walikuwa wa kijiji kimoja tu. Vita vikachukua wanaume, mabinti wakaolewa wakachukua majina ya waume zao. Kwa upande wa baba yake amebaki yeye. Kisha akaninyooshea mkono, kwamba sasa niseme mimi.

Nikasema kama nilivyosimuliwa na bibi yangu, ambaye naye alisimuliwa na mama mkwe wake. Enzi za Wajerumani, Mzungu mmoja mpima barabara alishikwa na homa huko milimani. Wapagazi walikuwa wamembeba kwa machela, mvua ikawazidi, wakamwingiza kwenye nyumba ya kwanza waliyoiona. Nyumba hiyo ilikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, ndiye huyo mama mkwe wa bibi. Wakamlaza Mzungu chumba cha mbele, mwanamke yuko chumba cha nyuma, wote wawili wanalia.

Hapo mjukuu wangu aliacha kutafsiri.

"Na hao waliombeba, Bibi?" aliniuliza. "Walipenda?"

"Hawakupenda," nikamjibu. "Nani apende kumpandisha mtu mzima mlimani kwa mabega yake? Na wenzake waliokuja nyuma yake walikuja na viboko. Mwambie na hilo."

Akamwambia. Yule mama aliweka kijiko chini.

Nikaendelea. Kwetu ilikuwa desturi, mtoto akizaliwa na ndani kuna mgeni, mgeni huulizwa jina lake na mtoto hupewa. Wakamuuliza Mzungu, anaweweseka tu. Wakawauliza wapagazi, nao wakataja lile walilokuwa wakimwitia bwana wao. Babu yangu akapewa hilo. Na hapo ndipo wazee wangu walipokosea, maana kwetu mtu ana jina lake mwenyewe, halafu la baba yake na la babu yake, basi. Hawakujua kwamba Mzungu huitwa kwa jina la ukoo. Jina la ukoo mzima wakamvika mtoto mchanga mmoja peke yake, kama lake binafsi. Mgonjwa akanyweshwa uji, akapona, akaenda zake, hakuonekana tena.

Mtoto akakua akawa fundi wa kuunga mifupa, wakimletea watu waliovunjika kutoka vijiji vya mbali. Kila aliyetembea tena alitamani mtoto wake aitwe vile. Halafu wajukuu wa kiume wakapewa jina la babu yao, kama ada ilivyo. Nilipokuwa darasa la pili, na sikuenda mbali zaidi ya la nne, mwalimu akiita jina hilo wanasimama wavulana watatu na msichana mmoja, ndiye mimi. Jirani yetu alikuwa na fahali anaitwa hivyo, na alikuwa mkorofi.

Yule mama alicheka, akashika shavu kwa maumivu. Nikamtania, maana kwetu wenye jina moja ni somo na somo hutaniwa. Nikasema, "Mwambie somo wangu, kwao shamba lilikauka, mbegu ikaja kushika kwetu. Akitaka miche tutampa."

Aliposikia hayo macho yake yalilowa. Akasema maneno marefu, na mjukuu wangu akanigeuzia kwa sauti ya chini: amefurahi sana kwamba ndugu yao aliwapa watu wetu jina lake.

 Sikumchukia, ni mama wa watu, lakini hilo halikuweza kupita.

"Hakutupa," nikasema. "Alikuwa hata hajitambui. Tulilichukua sisi. Mwambie hivyohivyo."

Mjukuu wangu alinitazama. Kisha akamgeukia yule mama, akalisema kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kiasi hicho mimi ninacho. Halafu akalirudia, hakuna aliyemwomba, safari hii ameunyoosha mgongo. Yule mama aliitika kwa kichwa polepole. Alisema anaelewa. Sijui kama alielewa. Tuliagana kwa mikono miwili.

Nje watu walikuwa wanapita na mifuko, moshi wa nyama choma unatujia usoni. Sikuweza kumuuliza ameamua nini. Nilifunga kilemba, nikakifungua, nikakifunga tena, nikamwambia basi langu linachelewa na hata kituo hatujafika.

"Tulia basi, mke mwenzangu," alisema, kwa Kiswahili, utani niliokuwa nikimwitia mimi akiwa mdogo. "Cheti kitatoka nalo. Lakini usinilazimishe kulipenda. Nikimfikiria yule mtu kwenye machela, na wale wa chini yake, siwezi."

Nikamwambia sawa. Kulipenda aniachie mimi.