Mwalimu Aliomba Kitabu, Nikampelekea Kitabu

Jamani, leo nimeingia ofisi ya walimu na ndoo ya utumbo, nimetoka na A ya Baiolojia! 😂

Neema wangu, kidato cha tatu, alichora matumbo manne ya ng'ombe kwenye mtihani. Darasa zima walikosa, yeye akapata yote. Mwalimu akaona haiwezekani, huyu ameibia. Maksi akazizuia.

"Umeyasoma wapi haya?"

"Kwenye kitabu cha mama."

Jana mwalimu akanipigia simu. "Shikamoo mama Neema. Kesho njoo na hicho kitabu."

Nikasema haya. Mimi si nauza supu hapa Katesh? Kitabu ndiyo kazi yangu! Nikakiosha kikang'aa, nikabeba.

Mwalimu ni kijana wa watu, katoka pwani. Kufunua ndoo, karuka na kiti!

"Mama, nini hiki?"

"Si ulisema kitabu? Tumbo la tatu hili. Buchani tunaliita kitabu. Ona kurasa zake."

Mwalimu mwenzake akadakia, "Haya, msomee ukurasa wa kwanza!" Ofisi nzima hoi.

Akaitwa Neema. Akatia mkono ndooni, akaeleza kila kunjo na kazi yake, kwa majina ya Kiingereza ambayo hata mimi sijui. Mwalimu akachukua kalamu, akaandika 91 mbele ya macho yangu.

Na mimi niliishia la saba, jamani!

Kitabu sikurudi nacho. Walimu wamekipika mchana, na mwalimu wa Baiolojia kaongeza bakuli.

Haya, nipeni hongera zangu hapa chini.