Mkasi wa Kuku Unaofunguka

Mfupa wa kuku ukipigwa shoka haukatiki, unapasuka. Nililijua hilo tangu utotoni, maana nilizaliwa kandokando ya Tana, si mbali na Masalani, ambako kila ua una kuku na hakuna anayemkata kwa shoka. Lakini katika hoteli niliyofanya kazi mjini Garissa, katikati ya miaka ya tisini, kuku alikatwa juu ya gogo la mbuzi, kwa shoka la mbuzi, na mkata mbuzi mwenyewe.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye cheti cha kidato cha nne na miguu isiyotulia. Ugonjwa huo wa miguu haujanitoka, na sasa nimeshavuka arobaini. Nimepika Mandera, nimepika Isiolo, nimepika kwenye kambi za wajenzi wa barabara. Kila nikinunua mkasi wa jikoni naufungua skurubu pale pale dukani, na mwenye duka hunitazama kama ninayemharibia mali. Sababu yake ni wiki moja ya Garissa.

Mwenye hoteli alikuwa mjane kutoka upande wa Eldas. Ukame uliwamaliza ngamia wa marehemu mumewe, naye akahamia mjini akajenga banda la mabati karibu na soko la mifugo. Watu wote walimwita Eedo, yaani shangazi, nami nikamwita hivyo hivyo. Asubuhi aliuza chai ya maziwa na anjera, mchana wali na mbuzi. Kuku aliingia hotelini kwa ajili ya walimu, makarani na madereva kutoka bara waliokuwa wamechoka na mbuzi. Mimi niliajiriwa kwa kazi hiyo tu. Kuku wenyewe walikuja kwa lori kutoka Mwingi ndani ya matenga, kuku wa kienyeji waliotembea maisha yao yote, mapaja magumu kama fimbo.

Mkata nyama alikuwa mzee mwembamba aliyemdharau kuku waziwazi.

“Nyama ina miguu minne,” aliniambia siku ya kwanza. “Hii yako ni ndege. Mwache aruke.”

“Haruki huyu.”

“Ndiyo nasema. Si nyama, na hata undege umemshinda.”

Eedo alitaka kila kuku atoe vipande kumi na sita. Ukifuata viungo kwa kisu hufiki huko. Lazima mfupa ukatwe katikati. Kisu changu kilishindwa na paja la kuku wa Mwingi. Shoka halikushindwa, ila liliacha vibanzi vyembamba vilivyojificha ndani ya nyama, na kila asubuhi nilikaa nikivitafuta kwa vidole. Siku moja kimoja kilinipita.

Kilimpata maalim, mzee aliyefundisha watoto Kurani mtaa wa pili. Alikuwa hajawahi kula kuku maishani mwake. Kifua kilikuwa kinambana, na Eedo ndiye aliyemshawishi anywe supu ale na paja. Kibanzi kikamkwama kooni. Wanaume wawili walimshika mikono wakampeleka hospitali, daktari akakitoa kwa koleo ndogo. Alasiri maalim alirudi, akaketi mahali pake, akasema kwa sauti iliyokwaruza kwamba ni ajali, watu wasizidishe maneno. Lakini watu walikuwa wamemwona akihangaika. Siku tatu zilipita bila mtu kuagiza kuku, hata walimu.

Jumatatu Eedo aliniita jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chenye b mahali pa p, na hakikumpotezea mtu muda.

“Abaayo,” aliniambia, yaani dada, “watu nasema kwa Eedo iko sindano ndani ya chakula.”

“Si sindano, Eedo. Ni mfupa.”

“Kwa koo ni moja tu. Mbaka Ijumaa. Tafuta kitu nakata bila kuvunja. Ukikosa, mimi narudi kwa mbuzi, na wewe narudi kwa mto.”

Sikutaka kurudi mtoni. Nyumbani kulikuwa na mchumba niliyekuwa nimemkimbia kwa heshima, kwa kusema naenda kutafuta kazi. Kazi ikiisha, na heshima ingekuwa imeisha.

Nilianza na fundi cherehani wa jirani. Alikuwa na mkasi mweusi, mzito, mrefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko, na aliniazima kwa shingo upande. Ulikata ngozi vizuri. Ulipofika kwenye mfupa visu vyake viliachana, mfupa ukapita katikati bila kukatwa.

“Kuku anashonewa kanzu?” mkata nyama aliuliza. “Mpime na mabega.”

Fundi aliponiona nikiurudisha umelegea, aliupokea. Aliutia kitambaa, kitambaa kikajikunja katikati ya visu, akanionyesha.

Jumanne mchana nilinunua sokoni mkasi wa plastiki nyekundu, bidhaa iliyokuja kwa njia ya Mandera. Mpini ulivunjika kwenye paja la kwanza. Mkata nyama akanishauri niende kwa daktari wa mifugo niombe ule wa kukatia kwato, na nadhani safari hiyo hakuwa anatania. Nilichojifunza katika siku hizo mbili ni kwamba mkasi wa kuku hauhitaji urefu. Unahitaji visu vifupi vinene, mipini mirefu kuliko visu, na pengo dogo karibu na kiungo la kuushika mfupa usiteleze.

Jumatano dereva mmoja, mteja wetu, aliniambia kuna mzungu hapo mjini aliyekuwa akifanya kazi na wakimbizi wa Dadaab, anahama, na vyombo vyake ameviweka barazani vinauzwa. Eedo alinipa hela nikaenda. Katikati ya vikombe na vyandarua kulikuwa na mikasi miwili ya kuku. Yote miwili ilikuwa na pengo. Wa kwanza ulikuwa wa chuma cheupe kinachong'aa, una springi, na visu vyake vimeunganishwa kwa ribiti nene, yaani pini ya chuma iliyogongwa pande zote mbili. Wa pili ulikuwa umefifia rangi, na visu vyake vimeshikwa kwa skurubu. Nilichukua kijiti cha uani nikajaribu yote. Yote ilikata. Nikafikiri kama ambavyo mtu yeyote angefikiri: skurubu hulegea, ribiti hailegei. Nikachukua wa ribiti.

Sijawahi kuona chombo kikifanya kazi vile. Mfupa ulisema *tak*, na mkato ukabaki sawa, bila kibanzi. Eedo alipitisha kidole gumba kwenye kipande kimoja baada ya kingine, akasema, “Haye,” ambayo kwake ilikuwa sifa kubwa. Tulipika kuku watano siku ile. Alhamisi tulipika sita, na walimu wakarudi.

Mchana wa Alhamisi, hoteli imejaa, mkata nyama alisimama mlangoni mwa jiko akinitazama nikikata.

“Mkasi mzuri. Ulikuwa wa nani?”

“Wa mzungu mmoja.”

“Na mzungu alikuwa anakata nini?”

Alisema kwa mzaha, lakini kwa sauti yake ile ya sokoni. Kwenye meza ya mbele mikono ilisimama juu ya sahani. Maalim alikuwepo, anakunywa chai tu.

“Kuleni,” alisema. “Asili ya kitu ni usafi, mpaka mtu awe na yakini. Shaka si yakini. Wala hamjalazimishwa kuchimba.”

Watu wakaendelea kula, polepole. Kwa sheria nilikuwa salama. Ningeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini sikuishia. Nafikiri ni ile ribiti. Kila nilipokata mfupa mgumu, kitu cheusi kama mafuta ya zamani kilijitokeza kidogo kwenye kiungo. Nilikuwa nakifuta, kinarudi. Mafuta yale yalikuwa ya kitu fulani, na kitu hicho si kuku wangu.

Sahani zilipokwisha kuoshwa niliufunga mkasi ndani ya kanga nikaenda kwa mzungu. Alikuwa anafunga masanduku. Alizungumza Kiswahili cha darasani, kimenyooka kuliko changu.

“Huo?” alisema. “Huo nilikatia nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Nililetewa kutoka Nairobi kila mwezi. Mke wangu hakutaka niguse mkasi wake. Wake ni ule wa skurubu, wa kuku na maua.”

Aliona uso wangu akaelewa, akaomba radhi, akanipa ule wa pili na hakutaka kitu.

Njia ya kurudi ilikuwa fupi mno. Ningeweza kuubadilisha tu; kwa mtu asiyekata kuku mkasi ni mkasi. Mzungu angeondoka kesho yake. Ijumaa ingefika, mimi nina mkasi, Eedo ana wateja, na nyumbani hawana habari. Nilijaribu kujiambia hivyo hadi kwenye kona ya soko la mifugo, na baada ya kona sikuweza tena, kwa sababu jioni ile ile ningemimina supu ndani ya sufuria zile, na ningejua.

Nilimkuta Eedo kwenye pipa la maji. Nikamwambia yote, wima, bila kupamba. Hakupiga kelele. Aliweka kata ya maji chini.

“Nani anajua?”

“Mimi, wewe, na mzungu.”

“Hao ni wengi tayari,” alisema, na akamtuma mkata nyama amwite maalim.

Maalim alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Waliokula hawana dhambi, alisema, hawakujua. Lakini kila kilichoguswa na unyevu wake, sufuria, gogo, sahani, kisu, kioshwe mara saba, moja kwa udongo safi. Kisha akauchukua mkasi wa skurubu. Juu ya huu hakuna yakini, akasema, ila kwa hali ilivyo, uoshwe pia, watu watulie.

“Unafunguka?”

Yule dereva mteja wetu alileta bisibisi. Skurubu ilitoka, mkasi ukawa vipande viwili mkononi mwa maalim. Ndani ya kiungo mlikuwa na uchafu wa kijani uliokauka, wa mashina ya maua. Aliupangusa kwa kidole.

“Huu maji yatafika kila mahali. Ule mwingine mngeuosha mwaka mzima, na pale katikati yasingefika.”

Nilikuwa nimechagua uimara na kumbe sikuujua uimara ni nini. Kiungo kisichofunguka hakilegei, ni kweli, lakini kinahifadhi kila kilichopitia hapo, na siku moja kitakuletea.

Eedo aliamua kazi ifanywe Ijumaa, na ifanyiwe mbele, kando ya barabara. Mkata nyama alikataa.

“Ukiosha barabarani mji wote utajua.”

“Nataka ijue kutoka kwangu. Ikijua kutoka kwako, itakuwa nguruwe mzima alilala kwa jiko.”

Basi Ijumaa hatukupika. Tulitoa kila kitu nje. Udongo ulikuja kwa makarai mawili kutoka shambani kando ya mto, tukauchanganya na maji, tukasugua. Mkata nyama alilisugua gogo lake mara saba, akihesabu kwa sauti ya kulalamika, na kila hesabu alinitazama. Watu waliokuwa wakienda msikitini walisimama kuuliza, na Eedo aliwaambia mwenyewe, mmoja mmoja, bila kupunguza: mkasi ulikuwa na nguruwe, hatukujua, mliokula juzi na jana mmekula bila kujua, sasa tunajua. Wengine walisema Mungu amlipe. Wengine walitema mate pembeni. Mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akila kwetu kila siku, tena mbuzi tu, aliondoka na sikumwona tena mezani petu.

Mimi niliosha sahani. Ilikuwa Ijumaa, na hakuna aliyekuwa ameniambia kama siku yangu imekwisha ama vipi. Alasiri, vyombo vikiwa vimeanikwa juani, nilikunja kanga yangu na vitu vyangu viwili vitatu, nikaenda kumuaga Eedo.

“Wewe naenda wapi?”

“Si ulisema mpaka Ijumaa?”

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kitu cha kitoto.

“Mikono yangu imetoka ngozi. Nikufukuze sasa, mimi nimeosha bure? Kesho leta kuku sita. Lakini hutakata ndani. Weka meza huku mbele. Fungua mkasi, osha, funga, kata. Watu waone.”

Jumamosi nilifanya hivyo. Nilifungua skurubu mbele ya barabara, nikaviosha visu viwili, nikavifunga tena, nikaanza. Wapita njia walitazama kama wanaotazama mganga wa meno. Mkata nyama aliniletea kuku wa kwanza akiwa ameshamchinja, akamweka mezani, na kwa mara ya kwanza hakumwita ndege. Mwalimu mmoja aliagiza. Kisha karani. Kisha muda mrefu hakuna mtu.

Hadi jua linashuka tulikuwa tumeuza kuku wawili kati ya sita. Nilimwambia Eedo hesabu hiyo kwa aibu, nikitazama chini.

“Kuku wawili watu nakula, na wanajua,” alisema, akifunika wanne waliobaki. “Kesho kata wawili.”