Wimbo wa Msiba Kwenye Harusi ya Sinema

Vijana wa redio wanawasema watunzi wa muziki wa sinema kwamba wanawaibia wazee wa Ulaya, kisha wanajiibia wenyewe. Hiyo si habari. Sisi tulishayaona hayo Singida mjini wakati wa Ujamaa, kwenye onyesho la sinema la wanawake la Jumatano alasiri.

Mama alikuwa amemburuta mdogo wake, mjane wa miezi mitano aliyekataa kutoka ndani. Filamu ya Kihindi, harusi imepamba moto. Muziki ulipoanza, mama mdogo akashusha khanga usoni, akainuka.

"Mimi naondoka. Huu ndio uliomzika yule mtoto kwenye filamu ya mwaka jana. Unapigwaje harusini?"

Kwetu Iramba wimbo wa msiba hauimbwi bila maiti. Mama alijua mdogo wake akirudi kujifungia nyumbani safari hii, hatamtoa tena.

Mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyekaa nyuma yetu, akamshika mkono. "Kaa, dada. Mtunzi ni yule yule. Na mwaka jana pia haukuwa wake, alichukua kwa Wazungu. Wao walikuwa wanauchezea dansi."

"Dansi?"

"Kweli. Santuri yake iko nyumbani."

Mama mdogo akabaki amesimama, watu wa nyuma wakiguna kwa kuzibwa. Kisha akakaa, akapandisha khanga. "Mvivu huyo," akasema. "Haya, sogeeni nimwone bibi harusi."

Mwizi kama huyo nimshtaki kwa lipi? Jumatano iliyofuata mama mdogo alitutangulia kwenye foleni.